Mkate Bila Ngano, Tanuri Bila Umeme

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuingie jikoni. Najua wapo watakaosema kwamba jikoni si mahali pa mazungumzo mazito, na kwamba habari za mikate na keki tuwaachie akina mama na wenye mikahawa. Mimi nasema hivi: fedha ya nyumba hupita jikoni kila siku, na asiyejua anachopika hawezi kujua kwa nini analipa anacholipa.

Jiko ninalotaka tuingie liko Kyela. Anayeshuka kutoka Tukuyu anaiacha baridi ya Rungwe, zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka mpaka bonde la Ziwa Nyasa lililo meta 500 hivi. Njiani huona migomba, mikakao imejificha chini ya vivuli, michikichi, na huko chini mashamba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe huleta maji, na mara nyingine huleta mafuriko, lakini huleta pia udongo. Ndiyo nchi ya mchele ule ambao mnunuzi wa Dar es Salaam hauulizi bei kabla hajaunusa. Ndiyo pia nchi ya kakao, maana sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela na majirani zake.

Sasa ingia duka la Kyela mjini, useme unataka vitu vya kuokea keki. Mimi niliuliza. Nilipewa unga wa ngano, na kakao ya kopo iliyosagwa ng'ambo. Nje ya duka hilo, hatua chache tu, kulikuwa na magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, na mtu amepakia kakao mbichi juu ya baiskeli. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa ngano, na ngano ndiyo tuliyofundishwa kuiita mkate.

Ngano hulimwa hapa nchini, Hanang, Kilimanjaro Magharibi na katika nyanda zetu za juu kusini, lakini haitoshi hata kidogo. Nyingi tunayokula huletwa na meli. Ndiyo maana vita vilipozuka Ukraine Februari 2022, bei ya ngano ilipaa duniani kote, na mtu wa Matema ambaye hana ugomvi na yeyote alijikuta analipia vita hivyo kila alipoagiza andazi.

Swali basi ni hili: je, mkate hauwezi kuwa mkate bila ngano? Ili tulijibu, hatuna budi kujua mkate ni nini.

Mkate, ndugu wasikilizaji, ni hewa iliyofungwa ndani ya unga ikagandishwa kwa moto. Ukiukata utaona vishimo. Vishimo hivyo ndivyo vinavyoutofautisha mkate na ugali. Kwa hiyo mwokaji yeyote, awe wa hoteli kubwa au wa uani, ana kazi tatu. Ya kwanza ni kuipata hewa. Ya pili ni kuishika isitoroke. Ya tatu ni kuleta moto unaougandisha unga wakati hewa bado imo ndani.

Hewa hutolewa na hamira, ambayo ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Hula sukari na kutoa gesi ya kaboni. Hupenda uvuguvugu na hufa kwa moto mkali. Ndiyo maana Tukuyu donge huchelewa kuumuka na Kyela huumuka upesi, tena ukilisahau huchacha. Hewa yaweza pia kutolewa na magadi soda yakikutana na kitu chenye uchachu, au na mayai yaliyopigwa mpaka yakatoa povu.

Kazi ya pili ndiyo iliyoipa ngano ufalme wake. Unga wa ngano ukikandwa na maji hutengeneza kitu cha kunata na kuvutika, wataalamu wanakiita gluteni. Hicho ni kama mpira wa puto: gesi ikiingia hutanuka bila kupasuka. Mchele hauna gluteni, mahindi hayana, muhogo hauna. Ukichukua unga wa mchele ukaukanda kama chapati, gesi yote itatoroka na utabaki na tofali. Wengi wamejaribu hivyo, wakapata tofali, wakasema mchele haufai kuoka. Ukweli ni kwamba mchele haufai kukandwa. Mchele humiminwa.

Watu wa pwani walilijua hili zamani, na ndipo tulipopata mkate wa kumimina. Mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Maji hupenya katika punje, hulainika, na husagika laini kabisa. Kwa vikombe viwili vya mchele tia tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki. Saga kwa blenda mpaka chengachenga zisisikike katikati ya vidole. Asiye na blenda auchuje mchele, autwange kinuni, auchekeche, ndipo atie tui. Mchanganyiko uwe mzito kama wa vitumbua, wa kumiminika bila kuwa maji. Acha uumuke, kwa joto la Kyela, dakika 45 aghalabu zatosha. Mwisho changanya taratibu ute wa yai moja uliopigwa.

Kinachoshika hewa hapo ni nini, ikiwa gluteni haipo? Ni uzito wa mchanganyiko wenyewe, mafuta ya tui, na ute wa yai. Vitu hivyo haviwezi kuishika hewa kwa saa nyingi, bali huishika kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo siri ya mkate wa mchele ni kuuwahi. Ukiona umejaa mapovu, chungu kiwe tayari kimepata moto. Wanga wa mchele ukifika joto la nyuzi 70 hivi hunywa maji, huvimba na kuganda, na hewa inakuwa imekamatwa. Ukichelewa, povu huzama na mkate hulala.

Kwa watu wa bara nasema: usikatishwe tamaa na nazi. Penye nazi haba pana ng'ombe, na Wanyakyusa ni wafugaji tangu enzi. Maziwa mazima ya ng'ombe yenye mafuta yake hufanya kazi hiyo, ladha ikiwa nyingine lakini si mbaya.

Na kabla hujaninong'oneza kwamba mchele wa Kyela ni ghali kuliko ngano, nakubali. Kuusaga mchele mzuri wa daraja la kwanza ili uoke mkate ni sawa na kukata kitenge kipya upate matambara. Lakini kila mashine ya kukoboa hutoa chenga, zile punje zilizokatika, na chenga huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hakuna anayetaka kuwapikia wageni wali wa chenga. Katika mkate, punje nzima na punje iliyokatika husagwa vilevile, na harufu ni ileile. Anayeuza vitumbua analijua hili. Mwokaji wa mkate naye alijue.

Nimeitaja harufu, na hapa kuna jambo la kustaajabisha. Miaka ya 1980 wanasayansi waliuchunguza mchele wa kunukia ili wajue harufu ile hutokana na nini. Wakaikuta kemikali moja, jina lake refu kidogo, asetili-pairolini. Miaka hiyohiyo watafiti wengine walikuwa wakichunguza harufu ya gamba la mkate wa ngano uliotoka tanurini, ile inayomfanya mtu anayepita barabarani ageuke. Wakakuta kemikali ileile. Maana yake, anayefungua gunia la mchele wa kunukia ananusa sehemu ya harufu ya mkate uliookwa, hata kabla hajawasha moto. Mwokaji wa ngano huipata harufu hiyo kwa kuunguza gamba. Mkulima wa Kyela huivuna shambani.

Tuje kwenye keki na biskuti. Huko ngano haina hata sababu ya kujivuna. Biskuti nzuri ni ile inayovunjika mdomoni. Gluteni huifanya biskuti iwe ngumu na ya kuvutika, ndiyo maana waokaji huonywa wasikande sana. Unga wa mchele hauna ugonjwa huo. Siagi, sukari, unga wa mchele uliochekechwa vizuri, na kiini cha yai cha kuunganisha, hutoa biskuti laini, yenye kutafunika kama mchanga mtamu. Tahadhari ni moja: unga usiposagwa laini, utasikia chenga menoni.

Keki ya ndizi nayo ni ya nchi hii hasa. Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu, utakuta Wamalawi wana keki ya unga wa mahindi, mara nyingine na ndizi ndani yake, waiitayo chikondamoyo. Huiokea chunguni. Wana pia zitumbuwa, ndizi mbivu zilizopondwa na unga na kukaangwa, na bila shaka umesikia jina hilo linavyofanana na vitumbua vyetu. Mpaka uliwekwa na wakoloni; mapishi hayakuuliza pasi ya kusafiria.

Chukua ndizi nne zilizoiva mpaka ganda likaanza madoa meusi, usizitupe. Ziponde. Tia mayai mawili yaliyopigwa, maziwa ya mgando nusu kikombe, mafuta theluthi ya kikombe, sukari nusu kikombe na chumvi kidogo. Kisha unga wa mchele vikombe viwili, au nusu mchele nusu mahindi, uliochanganywa na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda. Nasema magadi soda ya unga mweupe, si magadi ya mawe ya kuchemshia maharage. Uchachu wa maziwa ya mgando na wa ndizi hukutana na magadi, gesi hutoka papo hapo, na mayai huishika. Hapa pia usingoje. Ukishachanganya, mimina na uoke.

Anayetaka keki ya kakao asiende kwenye kopo. Kakao aliyonayo mkulima, iliyovundikwa siku tano hadi saba na kukaushwa juani, ndiyo ileile inayopelekwa Ulaya. Ikaange kikaangoni kwa moto wa wastani, ukikoroga, mpaka maganda yalie na kupasuka. Ipoe, imenye, ipepete kwenye ungo. Kisha itwange katika kinu kilichopata joto. Usishangae isipokuwa unga. Karibu nusu ya punje ya kakao ni mafuta, na joto la kutwanga huyayeyusha, kwa hiyo utapata ujiuji mzito mweusi. Vijiko vitatu au vinne vya chakula vya ujiuji huo vyatosha katika keki yetu ya ndizi, na upunguze mafuta mengine, maana kakao imekuja na yake. Kakao ya kopo hukamuliwa sehemu ya mafuta hayo kiwandani kabla ya kusagwa.

Hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo mazungumzo ya jikoni yanapogeuka kuwa ya uchumi. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana. Mavuno ya huko yalipoharibika, bei katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Kisha ikashuka tena. Mkulima wa Kyela hakuipandisha wala hakuishusha. Aliamka akaikuta. Mtu anayelima zao ambalo hali, hana pa kulipeleka siku mnunuzi akinuna. Sisemi Kyela yote ile keki mpaka kakao iishe. Gunia ni gunia. Nasema kwamba watoto wanaookota punje za kakao uani wanastahili kujua ladha yake, na kwamba zao likiwa na mlaji hata mmoja kijijini, bei yake haitakuwa siri ya watu wa mbali.

Sasa kazi ya tatu, yaani moto. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mimi sina oveni, nitaokaje?" Jibu ni kwamba oveni ni sanduku tu lenye joto pande zote. Bibi zetu walilitengeneza kwa chungu, kifuniko na makaa. Tunaita kupalia. Makaa machache huwekwa chini, na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Kwa nini mengi yawe juu? Kwa sababu joto la makaa ya chini hupanda moja kwa moja chunguni, wakati la makaa ya juu sehemu kubwa hupotelea angani. Kadiria sehemu moja chini na mbili juu. Wengi huunguza mkate chini na kuuacha mbichi juu kwa sababu ya kugeuza hesabu hii.

Namna ya kuupima moto ni rahisi. Nyunyiza chembe za unga ndani ya sufuria tupu iliyofunikwa na kupaliwa. Baada ya muda mfupi fungua. Unga ukiwa mweusi, punguza makaa. Ukiwa mweupe vilevile, ongeza. Ukiwa wa rangi ya kahawia, mimina mkate wako. Kwa mkate wa kumimina anza na moto wa chini peke yake mpaka pembeni pakaze na juu patoboke vishimo, ndipo upalie juu. Nusu saa hivi, kijiti safi kikichomwa katikati kikatoka kikavu, mkate umeiva.

Na chungu chenyewe? Mashariki ya Matema, chini ya Milima ya Livingstone, wako wanawake wa Kikisi wa Ikombe, wafinyanzi ambao vyungu vyao vimevuka ziwa kwa mitumbwi miaka mingi na huuzwa mnadani Lyulilo. Udongo huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, kwa hiyo moto wake ni wa upole kuliko wa sufuria ya bati inayounguza mahali pamoja. Chungu kipashe polepole, na usimimine mchanganyiko wa baridi katika chungu kilichowaka, kitapasuka. Babua jani la mgomba juu ya moto, litandike ndani, na mkate hautashika.

Sina budi kutoa onyo. Kupalia ni kazi ya nje au ya jiko lenye upepo. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na katika baridi ya Tukuyu kishawishi cha kufunga mlango ni kikubwa. Tena mkaa ni miti. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Aliyepata gesi asidhani ameagana na mkate. Tia mchanga mkavu katika sufuria kubwa, weka kibao cha chuma au mawe madogo, juu yake sufuria ndogo yenye keki, funika sawasawa, moto mdogo. Keki itaiva. Juu haitakuwa na rangi nzuri, lakini ladha haikai kwenye rangi.

Sitaki kumdanganya mtu. Mkate wa mchele una aibu yake: haulali. Wanga wake hukauka na kuwa mgumu upesi kuliko wa ngano, na hali ya hewa ya Kyela, yenye unyevu mwingi, huleta ukungu mapema. Kwa hiyo anayetaka kuufanyia biashara auoke alfajiri na auuze kabla ya jua kuzama. Apige hesabu ya chenga, sukari, mkaa na saa zake mwenyewe, maana wengi husahau kujilipa. Kama baada ya hesabu hiyo ngano bado ni nafuu, basi aoke ngano. Lakini achague akiwa amepima, asichague kwa sababu ndiyo tu aliyoikuta kwenye rafu.

Watu wa mjini mnaonunua gazeti hili mna sehemu yenu pia. Mnalipa zaidi kwa jina la Kyela kwenye gunia la mchele, na mara nyingine mnauziwa jina peke yake. Jumapili moja tieni kikombe cha mchele huo majini usiku, mwoke asubuhi. Harufu ya mkate ikipanda kabla hamjatia iliki, mtajua mlinunua mchele. Isipopanda, mtajua mlinunua gunia.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ngano ni mgeni wetu wa siku nyingi na tunamheshimu. Lakini mwenyeji akihama kitandani akalala sakafuni kila siku kwa ajili ya mgeni, huyo hajapona. Mchele, ndizi, kakao, maziwa na chungu cha Ikombe ni wenyeji wa nyumba hii. Wapewe nafasi jikoni.

Hadi juma lijalo, nawatakia moto wa upole.